Miyombo Thelathini na Mmoja

Wateja wangu karibu wote huuliza jambo moja: mizani hii inadanganya? Mimi ni fundi mizani, kibanda changu kiko sokoni Mafiga, na swali hilo nimelizoea kiasi kwamba hulijibu bila kuinua kichwa. Mzee mmoja aliuliza vingine. Aliweka mbele yangu mizani ndogo ya shaba, ya aina iliyokuwa ikitumika zamani kwenye maduka ya dawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka kama mtu anayefunga mlango, kisha akasema:

"Fundi, hii inadanganya kiasi gani?"

"Inategemea unapima nini, mzee."

"Jani."

"La chai?"

"Jani moja. La mti."

Hapo niliinua kichwa. Nilimwambia aiache, aje kuichukua Alhamisi. Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi langu mpaka nilipomaliza, na kila nilipogusa kitu aliuliza kwa nini nimegusa hicho na si kingine. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, na hivyo ndivyo alivyokuwa kwa miaka kumi na minne iliyofuata.

Mtaani walimwita Bwana Misitu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Nami nitamwita hivyo. Jina lake halisi nililisikia mara chache, likitajwa na watu wa hospitali.

Juu ya Mzumbe, pale milima ya Uluguru inapoanza kuinuka kwa upande wa magharibi, kuna kipande cha mteremko kilichokuwa na miyombo. Myombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, ukabaki kama mti uliokufa. Halafu, kabla mvua za vuli hazijaanza, wakati ardhi bado ni ngumu kama sakafu, unachipua. Majani yake ya kwanza si ya kijani, ni mekundu, na mtu akiyaangalia kutoka barabarani anaweza kudhani mlima umeshika moto. Watu wengi huishia hapo. Bwana Misitu aliona kwamba haichipui pamoja. Alichagua miti thelathini na mmoja, akaipa namba. Namba Saba na Namba Nane ilikuwa imeachana hatua kumi na mbili. Ilikuwa ya aina moja, unene mmoja, ikipigwa na jua lilelile. Nane ulivaa majani karibu wiki tatu kabla ya Saba, kila mwaka, bila kukosa hata mmoja.

Alitaka kujua kwa nini. Hakuwa akitafuta shahada wala sifa. Alisema ametumia maisha yake yote ya kazi akiamua mti upi ukatwe na upi ubaki, na hajui hata jambo moja la hakika kuhusu mti. Alitaka kufa akiwa na moja.

Hakulipata, na kilichoondoa kabisa nafasi ya kulipata nilikifanya mimi. Naliandika mapema ili anayesoma asidhani naficha.

Kazi yake aliifanya hivi. Kuanzia mwisho wa Agosti tulipanda mlimani kila baada ya siku mbili. Tulisimama juu ya jiwe lilelile, tukatazama kwa darubini, akaandika kwenye kaunta buku. Sifuri ni mti mtupu. Moja ni vitumba vimevimba. Mbili ni majani mekundu. Tatu ni kijani. Kama siku hiyo hakupanda, au ukungu ulifunika mteremko, aliandika neno moja: sijaona. Hakuacha nafasi wazi na hakukisia. Mwaka wa kwanza niliwahi kumwambia kwamba kama juzi mti ulikuwa moja na leo ni moja, basi jana nayo ilikuwa moja, tuandike tu.

"Uliuona jana?"

"Sikuuona, lakini ungekuwa nini kingine?"

"Sijui. Ndiyo maana tunaandika hatukuuona."

Hakufuta kitu. Akikosea alipitisha mstari mmoja juu ya kosa, kosa likabaki linasomeka, akaandika sahihi pembeni. Nimeiga tabia hiyo katika vitabu vyangu vya kazi. Wateja wanadhani nina mikono mizito.

Alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka ikanichosha. Mtu akimwambia mti fulani unawahi kwa sababu una nguvu, au unachelewa kwa sababu ni mvivu, alijibu, "Hiyo ni sababu ya mtu, si ya mti." Hata mimi aliniambia hivyo, kwa sauti ileile ya upole iliyokuwa mbaya kuliko kukemewa.

Sababu zote alizosikia aliziorodhesha kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Maji. Jua. Moto. Umri. Kichuguu. Tambiko. Mbegu. Kisha alizishughulikia moja moja, na kazi hii ilichukua miaka.

Ya maji naikumbuka vizuri kwa sababu mizani ilikuwa yangu. Tulichimba shimo chini ya Saba na shimo chini ya Nane, tukashuka mpaka kifuani. Kila urefu wa mkono tulitoa udongo wa kikombe kimoja. Tuliupima ukiwa mbichi, tukaukaanga kwenye sufuria nyumbani kwake mpaka ukakauka, tukaupima tena. Nilikuwa na hakika tutakuta maji mengi chini ya Nane, unaowahi. Tuliyakuta chini ya Saba. Nikasema labda tumechanganya vikombe. Tukarudi, tukachimba upya pembeni, ikawa vilevile. Alipitisha mstari juu ya neno maji, akakaa akiliangalia. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kuna huzuni ya aina hiyo, ya mtu aliyefanya kila kitu sawasawa.

Kichuguu kilikufa vivyo hivyo, maana kati ya miti iliyosimama juu ya vichuguu, mitatu iliwahi na miwili ilichelewa. Umri tuliupima kwa futi ya fundi cherehani, tukizungushia shina, nao haukusema kitu.

La tambiko lilitoka kwa mama mmoja wa Kiluguru aliyelima kabichi na njegere kwenye matuta yaliyopakana na miti yetu. Alikuwa na umri kama wangu, na alimtania Bwana Misitu kila alipotuona.

"Baba, mwali wako katoka leo?"

"Bado."

"Na shangazi zake wanasemaje?"

"Hawajaniambia."

"Basi nenda kalale. Mwali hatoki kwa kuchunguliwa."

Kwao msichana aliyevunja ungo huwekwa ndani, na siku ya kutolewa hupangwa na wakubwa. Bwana Misitu alilifikiria hilo huku akifuta darubini.

"Mwali anatolewa, mama. Huu unatoka wenyewe. Ndiyo inayonisumbua."

Ni huyo mama aliyesema kwamba zamani wazee walifanya tambiko chini ya Saba, na ndiyo maana mti ule ni mzito. Mimi nilitabasamu. Bwana Misitu aliandika. Aliuliza vijiji viwili kama kuna myombo mwingine uliofanyiwa tambiko, akaonyeshwa mmoja, akaufuata msimu mzima kwa bodaboda. Ulichipua mapema. Akarudi kwa yule mama, akamwambia kwa heshima zote kwamba tambiko si sababu.

"Umemuuliza nani? Wazee au majani?"

"Majani."

"Basi hujauliza kitu. Majani hayakula kile chakula."

Alicheka. Ni moja ya mara chache.

Nisimfanye mtu mwema kuliko alivyokuwa. Aliweza kuusubiri mti wiki sita bila neno, lakini chai ikichelewa dakika kumi alinyanyuka akaondoka. Kazini, watu walisema, alikuwa mkali. Kina mama waliokutwa na mkaa bila kibali walinyang'anywa mkaa pamoja na magunia yenyewe, na nyumbani kwake walipikia mkaa kila siku. Nilimuuliza juu ya hilo mara moja. Akasema, "Ningepikia nini?" Hakuona haja ya kuongeza.

Mkewe alifariki mwezi Septemba. Siku ya pili ya matanga, watu wakiwa wamejaa uani na kwenye majamvi, alinyanyuka, akachukua kofia, akaenda Mzumbe. Alirudi magharibi akiwa na vumbi miguuni, akakaa alipokuwa amekaa asubuhi. Hakuna aliyemwuliza, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Baada ya miaka kadhaa nilikitafuta kipengele cha siku hiyo katika kaunta buku. Kimeandikwa kama siku nyingine zote, mwandiko ni uleule, Saba ni sifuri, Nane ni mbili.

Binti yake, aliyekuja kumhudumia baadaye, hakuwahi kulisahau. Alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache. Siku moja akinikaribisha uji aliniambia, bila kupunguza sauti ili baba yake asisikie, "Huyu anajua kila mti ulivaa lini. Muulize mimi nimezaliwa mwezi gani."

Bwana Misitu alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. "Mwezi wa tatu," alisema.

"Wa tano, baba."

Mwishoni ilibaki sababu moja isiyo na mstari: mbegu. Yaani kwamba Saba unachelewa kwa sababu mama yake alichelewa, na hakuna cha zaidi. Kuijaribu ilimpasa aoteshe watoto wa Saba na watoto wa Nane mahali pamoja, kwenye udongo mmoja, aangalie. Tuliokota mbegu zinaporuka kutoka kwenye maganda, akazipanda katika makopo ya rangi uani kwake. Ziliota. Kiangazi kilipofika miche yote ilikauka mpaka chini. Nilidhani imekufa, akanionyesha kwamba mizizi i hai. Ndivyo mche wa myombo ulivyo. Unakauka na kuchipua, unakauka na kuchipua, mwaka baada ya mwaka, ukijijenga chini, kabla haujathubutu kuwa mti.

"Itachukua muda gani mpaka tuone?"

"Miaka mingi kuliko niliyonayo," alisema. "Na wewe huna mingi sana."

Aliendelea kuimwagilia. Hata hivyo, kwa kuwa makopo hayangempa jibu, tegemeo lake lilirudi kwenye ile miti thelathini na mmoja. Alisema msimu mmoja mbaya, wa ukame au wa mvua za ajabu, unaweza kuubadili mpangilio, na siku Saba utakapoutangulia Nane tutajua pa kuanzia. Kwa hiyo ilibidi tusikose msimu hata mmoja. Aliusubiri mwaka huo kama mwingine anavyomsubiri mtoto aliyesafiri.

Macho yalimwacha kabla haujafika. Ilikuwa presha ya macho. Niligundua tukiwa juu ya jiwe, aliposema Kumi na Tisa ni mbili, nami nikaona matawi matupu. Nikamwambia. Alishusha darubini, akanipa, kisha akanipa kalamu.

"Kuanzia leo wewe ndiye unayeona."

Nilipanda peke yangu misimu minne. Nikirudi nilimsomea, naye alinihoji kama polisi. Upande gani wa mti? Matawi ya juu au ya chini? Uliona au ulidhani? Katika kurasa zangu "sijaona" zilikuwa nyingi kuliko katika zake. Nilikuwa na homa, nilikuwa na siku za gulio, nilikuwa na uvivu wangu. Hakunilaumu. Alisema kila moja ni ushahidi kwamba zilizobaki ni za kweli.

Namba kwenye miti alikuwa amezipaka mwenyewe kwa rangi nyeupe, usawa wa kifua. Moto wa kila mwaka na mvua zilikuwa zimezila. Mwaka jana, masika yalipokwisha, nilipanda na brashi kuzipaka upya. Rangi nyeupe sikuwa nayo. Kibandani nilikuwa na kopo la rangi ya kuzuia kutu, ninayopakia fremu za mizani, nayo ni nyekundu. Niliona itakaa zaidi na itaonekana kutoka kwenye jiwe. Nilizungushia kila namba duara, kwa usafi. Nilimwambia Bwana Misitu kwamba namba nimezipaka upya. Akashukuru. Rangi gani hakuuliza, nami sikuona sababu ya kusema.

Mwisho wa Agosti nilipanda kwa safari ya kwanza. Nilisimama juu ya jiwe, nikainua darubini, nikadhani nimekosea jiwe. Nilishuka nikatembea katikati yake. Visiki vilikuwa thelathini na kimoja. Vilikatwa kwa msumeno wa injini, chini, vizuri. Miti isiyo na namba ilisimama pembeni, hakuna hata mmoja uliokwaruzwa. Kwenye bonde kulikuwa na mabaki ya matanuri ya mkaa, majivu yameshapoa.

Yule mama alikuwa kwenye kabichi zake. Nilimwamkia, nikamwuliza ni nani.

"Vijana. Wa hapa na wa kule chini. Si kibali kilitoka?"

"Kibali gani, mama?"

"Alama nyekundu." Aliniangalia kama mtu anayetaniwa. "Mti ukipigwa nyekundu ni ruksa. Usiopigwa, ukiugusa unalala ndani. Bwana Misitu mwenyewe ndiye aliyetufundisha, mimi nikiwa msichana. Alikuja na kopo lake, akatukusanya shuleni, akatuonyesha."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, Fundi? Nilikuona kwa macho yangu, umeshika brashi. Nikasema, masikini, baba kachoka kungoja, sasa kairuhusu."

Nilirudi kukaa juu ya jiwe. Nilifungua kaunta buku nikaifunga.

Jioni ile alikuwa ananingoja kwenye kiti cha kamba. "Saba?" aliuliza. Nikasema sifuri. Nilijiambia kwamba si uongo, kwa kuwa mti usio na jani ni sifuri. "Nane?" Nikasema sifuri. Siku hiyo yote ilikuwa sifuri na nilifika nyumbani nikiwa bado mtu mkweli kwa hesabu zangu. Wiki mbili baadaye ilibidi Nane uwe moja, na hapo sikuwa na pa kujificha. Nilichukua kurasa za miaka iliyopita, nikatafuta kila mti huchipua siku ya ngapi, nikaandika hivyo. Siku za kupanda nilifunga kibanda, nikaenda kukaa Msamvu, stendi, nikiangalia mabasi ya bara yakiingia na kutoka, mpaka saa ya kurudi na vumbi miguuni. Nilifanya hivyo msimu mzima. Nilikuwa hodari.

Mwezi wa kumi na mbili alilazwa, akarudishwa nyumbani. Binti yake alinipigia simu akasema baba anakuita, njoo na kitabu. Mvua ilikuwa inanyesha, makopo ya miche uani yamejaa maji. Nilimkuta amelala, amegeukia ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nisomee msimu wote. Kuanzia mwanzo."

Nilisoma. Ilichukua muda mrefu, naye hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Mwaka huu hukuumwa," alisema.

"Sikuumwa."

"Hapakuwa na ukungu."

Nilifunga kitabu.

"Hakuna sijaona hata moja, Fundi. Na kila mti umefanya nilichokuwa nautarajia." Aligeuka polepole akanielekea, macho yakiangalia juu ya bega langu. "Hayo ni majani ya mtu."

Nikamwambia yote. Visiki, matanuri, mama wa kabichi. Binti yake alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Nyekundu."

Mvua iliendelea juu ya bati. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

"Wamefanya nilivyowafundisha," alisema. "Kitu kimoja nilichofundisha watu wakakishika."

"Baba," binti yake alisema, "pumzika sasa."

"Chukua kalamu, Fundi. Msimu huu wote, pitisha mstari. Mmoja, usomeke. Pembeni andika umekatwa, na tarehe uliyoona, si tarehe uliyoambiwa."

Niliandika. Alinitaka nitaje kila namba kwa sauti, naye aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayeita majina darasani. Nilipofika Saba alisema subiri, kisha akasema endelea. Nilimaliza thelathini na moja, nikadhani tumemaliza.

"Visiki vya miyombo huchipua," alisema. "Vimechipua?"

Tangu siku ile ya Agosti nilikuwa sijapanda.

"Sijui, mzee."

"Hilo si neno letu."

"Sijaona."

"Andika hivyo."

Nikaandika, mbele ya kila namba, naye akisikiliza kalamu mpaka mwisho.